Jinsi ya kujenga kasri la wanyonyadamu linalotawaliwa na mahaba

Kiswahili kina neno lenye sura tatu ambalo limeniongoza katika kazi hii. Ua hili ni la kunusa. Ua huu ni wa kuzungushia nyumba. Na ukimwambia mtu "ua!", umemtuma akatoe roho. Kasri la wanyonyadamu wa zama za kati, lenye wapanda farasi wanaopiga magoti mbele ya mabibi na watunzi wanaolia kwa vina, linasimama juu ya sura hizo zote tatu: uzuri unaoonekana, uzio unaozuia njaa, na kifo kinachongoja uzio upasuke. Ukijenga ua la kunusa peke yake, utapata watu waliovaa vizuri wanaozungumza sana. Ndicho kilichonipata mara ya kwanza nilipoliendesha kasri hili mezani, kama mchezo wa hadithi, na kundi langu la watu watano. Kufikia kikao cha tatu wachezaji wote walikuwa wanapiga miayo, kwa sababu hakuna hata mhusika mmoja aliyekuwa na njaa.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuendesha mchezo wa hadithi mezani, au anayeandika riwaya. Kwanza tuelewane kwa maneno. Farisi ni mpanda farasi aliyetawazwa rasmi kwa upanga, na ufarisi ni mwenendo unaompasa. Malenga ni mtunzi wa kusini mwa Ufaransa aliyetunga kwa Kioksitani, lugha ya huko. Manju ni mwimbaji anayezunguka na tungo za malenga. Mnyonyadamu ni maiti asiyelala. Tafadhali usimwite mumiani. Mumiani wa simulizi zetu za pwani ni binadamu mzima, anatumwa na wakubwa, anachukua damu ya wanyonge kwenda kutengenezea dawa. Ni hofu nyingine yenye historia yake, na nitairudia huko mbele kwa sababu ina jambo la kutufunza.

Chagua mji mmoja na mwaka mmoja

Usiseme "zama za kati" ukaishia hapo. Ni karne kumi. Mahaba ya kasri, yale ya kumtumikia bibi kwa magoti na mashairi, yana mahali pake na wakati wake: yalianza kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 11, na malenga wa kwanza ambaye tungo zake zimetufikia ni mtawala mkubwa, Guilhem IX wa Aquitaine, aliyezaliwa mwaka 1071. Mjukuu wake Alienor alikuwa malkia wa Ufaransa, kisha wa Uingereza. Binti ya Alienor, Marie wa Champagne, aliishi Troyes, na huko mtunzi Chrétien de Troyes alimtungia kisa cha mahaba ya farisi Lancelot na malkia.

Una chaguo tatu nzuri. Poitiers ya Alienor inafaa hadithi ya siasa za wafalme. Troyes ya Marie inafaa ukitaka masoko, kwa kuwa maonyesho ya biashara ya Champagne yalileta wafanyabiashara kutoka Italia na Flanders, na mgeni asiyejulikana ni chakula kisichoulizwa. Mimi nilichagua Toulouse, kuanzia mwaka 1194 Raimon VI aliporithi cheo cha baba yake hadi 1209. Ni mji wa matofali mekundu kando ya mto Garonne, wenye kanisa kubwa la Saint-Sernin ambalo mahujaji walipita wakienda Santiago huko Hispania. Una madiwani wa mji wanaobishana na mtawala wao. Una Wakatari mitaani, watu walioamini kwamba mwili ni gereza la roho. Na msomaji anayejua historia anajua kwamba moto unakuja.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, watu wa Toulouse ya mwaka 1200 hawakuwa na neno "vampaya". Liliingia katika lugha za Ulaya magharibi karne ya 18. Walichokuwa nacho ni hadithi za maiti wanaotembea. William wa Newburgh, mwanahistoria Mwingereza aliyeandika mwishoni mwa karne ya 12, anasimulia kadhaa, na maiti mmoja alipopigwa kaburini damu ikafurika hata ikajulikana kwamba alikuwa mnyonyaji wa wengi. Kwa hiyo wape watu wako jina lao wenyewe. Wangu walijiita "watu wa jioni".

Pili, wanahistoria wengi leo hawakubali kwamba mabaraza ya mabibi waliohukumu kesi za mapenzi yalikaa kweli kama mahakama. Wanaona yalikuwa maongezi ya kujiburudisha, au kazi ya kalamu tu. Hata jina "mahaba ya kasri" lilienezwa na msomi Gaston Paris mwaka 1883. Malenga wenyewe walisema fin'amor, mahaba yaliyosafishwa kama dhahabu inavyosafishwa motoni. Shaka hiyo ni zawadi kwako. Katika hadithi yako, baraza la kweli ni la usiku, na watu wa mchana wamesikia fununu tu.

Pima usiku

Sisi wa karibu na ikweta tumezoea usiku wa saa 12, mwaka mzima, na tunausahau. Toulouse si hivyo. Katikati ya Desemba usiku unafika saa 15. Mwishoni mwa Juni unabaki saa 8 na nusu, na ukitoa machweo na mapambazuko, giza la kutosha ni pungufu ya hapo.

Weka hesabu hiyo katika maisha ya kasri. Majira ya baridi ni wakati wa baraza: barabara zimefungwa na matope, mabwana wako majumbani, usiku ni mrefu, watu wa jioni wanatawala. Majira ya joto ni wakati wa vita, hija na mashindano ya mafarisi, na yote hufanyika jua likiwaka. Binadamu wanaondoka, wanapigana, wanapendana, wanakufa, na watu wa jioni wanapata habari baada ya siku nyingi. Nilipoliingiza hili, wachezaji wangu walianza kuuchukia mwezi wa Juni kwa dhati. Andika kalenda yenye usiku wa kila mwezi, ibandike ukutani.

Njaa kwanza, mavazi baadaye

Hapa ndipo nilipokosea zamani, kwa hiyo nitasema wazi. Kabla ya kuchora nembo za ukoo na kuchagua rangi za hariri, amua: mtu wa jioni anakaa usiku mangapi bila damu? Nini kinamtokea usiku wa tatu? Wa saba?

Njia yetu ni rahisi. Kila mchezaji ana bakuli dogo lenye kete saba za bao, mbele yake, watu wote wakiona. Kila usiku wa hadithi anatoa moja. Zikibaki tatu, mhusika wake anasikia mapigo ya moyo ya kila binadamu chumbani, na msimuliaji, yaani anayeendesha mchezo, anampa maelezo ya sauti hiyo hata asipouliza. Ikibaki moja, hawezi kusema uongo kwa ufasaha wala kutunga ubeti. Zikiisha, mhusika si wake tena mpaka atakapomwangusha mtu. Dado tulizitumia kwenye mapigano tu. Njaa haihitaji bahati, inakuja yenyewe.

Bakuli hilo linabadilisha kila kitu. Mchezaji anayezungumza maneno matamu kwa bibi wa kasri huku bakuli lake lina kete mbili, na kila mtu mezani anaziona, hahitaji kuigiza.

Ngazi nne za mpenzi

Hii ndiyo nguzo ya jengo, na tuishughulikie polepole.

Utungo mmoja wa zamani wa Kioksitani unampa mpenzi ngazi nne. Ya kwanza ni fenhedor, anayependa kimya na kuficha. Ya pili ni precador, aliyethubutu kuomba. Ya tatu ni entendedor, aliyekubaliwa na kupewa ishara. Ya nne ni drut, aliyepokelewa kabisa. Kila ngazi ina mwenendo wake, na aliye ya kwanza akijifanya wa tatu amemvunjia bibi heshima.

Sasa ingiza damu ndani ya ngazi hizo. Katika kasri letu, fenhedor anaruhusiwa kukaa chumba kimoja na anayempenda, lakini upande usiovuma upepo, asimnuse. Precador anaweza kuomba, kwa shairi tu. Mwenye kuomba kwa maneno ya kawaida anahesabiwa amevamia. Entendedor anapata kitu kilichogusa ngozi: glavu, mkono wa vazi ulioshonolewa, pete. Mara moja kwa mwaka bibi anajichoma kidole kwa sindano na kuacha tone moja katika kikombe cha maji, naye anakunywa akiwa amepiga magoti mbele ya baraza zima. Drut peke yake ndiye anayekunywa kwenye kifundo cha mkono. Shingo hairuhusiwi kwa ngazi yoyote. Shingo ni ya kuua.

Zingatia alama za kweli za wakati huo, kwa maana zina nguvu kuliko utakazobuni. Mtu aliyekula yamini kwa bwana wake alipiga magoti, akaunganisha viganja, na bwana akavifunika kwa viganja vyake. Malenga waliichukua ishara hiyo wakaipeleka kwa mwanamke. Walimwita midons, neno lenye maana ya "bwana wangu", kwa mwanamke! Basi fikiria farisi aliyekufa miaka 80 iliyopita, mwenye nguvu ya kuvunja mlango kwa bega, anaweka viganja vyake baridi katikati ya viganja vya mjane wa miaka 30 anayeweza kufa kwa homa wiki ijayo, na anamwita bwana wangu. Nani mwenye nguvu hapo? Nimeona wachezaji wakinyamaza dakika nzima katika tukio hilo.

Jina la bibi halitajwi. Malenga walimpa jina la siri, senhal, ili hata mume akisikia wimbo asijue ni mkewe. Kila mchezaji achague senhal ya anayempenda na aandike jina halisi kwenye karatasi iliyokunjwa, aikabidhi kwa msimuliaji. Karatasi hiyo ni silaha. Msiba mkubwa wa mchezo wetu ulianza pale mmoja alipoifungua kwa sababu bakuli lake lilikuwa tupu.

Usilazimishe mapenzi yawe ya mnyonyadamu kwa binadamu tu. Binadamu anayempenda mtu wa jioni naye apande ngazi zilezile, na swali la damu linageuka: kwake tone ni la kutoa. Kuna pia mahaba ya mbali. Malenga Jaufre Rudel, kwa mujibu wa hadithi iliyosimuliwa juu yake, alimpenda bibi wa Tripoli ya Lebanoni bila kumwona, akavuka bahari, akafia mikononi mwake. Kwa mwenye njaa, mahaba ya mbali ndiyo salama kuliko yote, na mmoja wa wachezaji wangu aliyachagua kwa hofu, si kwa ushairi. Alikuwa mhusika bora kuliko wote.

Kabla ya kikao cha kwanza, kaeni mkubaliane. Damu na mahaba ni mambo ya mwilini. Mchezo huu ni wa watu wazima, na mtu yeyote mezani akiweka mkono juu ya bakuli lake, tukio linakoma bila kuulizwa sababu.

Vyeo

Vinatosha vitano. Malkia, anayeketi kwenye baraza na hajawahi kuonekana akinywa. Msimamizi wa nyumba, binadamu, mwenye funguo zote na anayejua nani analala wapi mchana. Farisi mkuu. Malenga wa kasri, ambaye ni vizuri awe mwanamke: tunawajua malenga wanawake wapatao 20 kwa majina, miongoni mwao Comtessa de Dia, na wimbo wake mmoja ndio pekee wa malenga mwanamke uliobaki na muziki wake. Wa tano ni mlinzi wa mnara. Huyu usimpe mhusika wa pembeni. Mpe mchezaji.

Baraza la hukumu

Kikao kizuri cha baraza huchukua nusu saa mezani na kinashinda mapigano yoyote. Mfumo tayari upo: malenga walikuwa na mchezo wa kulumbana kwa mashairi ulioitwa partimen. Mmoja analeta swali lenye pande mbili. Mwenzake anachagua upande anaoutaka. Aliyeleta swali analazimika kuutetea upande uliobaki, hata kama hauamini. Mwishoni wanamkabidhi mwamuzi.

Mswahili haoni ugeni hapa. Malumbano ya washairi tunayo, kuanzia Mombasa ya Muyaka bin Haji hadi kurasa za mashairi magazetini. Kwa hiyo usiwaambie wachezaji "jadilini". Waambie kila hoja ije kwa ubeti, angalau mistari miwili yenye kina cha mwisho kinachofanana. Anayeshindwa kutunga anatoa kete moja. Msijali kama mizani haitimii. Wachache wana sikio hilo, na haya si mashindano ya ushairi.

Sheria nazo zipo. Kasisi anayejulikana kama Andreas Capellanus aliandika kwa Kilatini, takriban miaka ya 1180, kitabu juu ya mapenzi chenye kanuni 31. Zisome ukiwa na akili ya maiti asiyelala, utatetemeka. Kanuni moja inasema kila mpenzi hupauka usoni amwonapo ampendaye. Nyingine: mwenye kusumbuliwa na fikra za mapenzi hula kidogo na kulala kidogo. Nyingine: mapenzi yakitangazwa ni nadra kudumu. Na ya saba: mpenzi mmoja akifa, aliyebaki atakaa eda ya miaka miwili.

Kanuni ya saba peke yake ilitupa vikao vitatu. Bibi mmoja aligeuzwa kuwa mtu wa jioni usiku wa kuamkia siku ya watakatifu wote. Drut wake ni binadamu. Je, amefiwa? Kama amefiwa, akae eda miaka miwili, asimguse, wakati bibi yu hai mbele yake akimwita kwa jina. Kama hajafiwa, basi watu wa jioni si maiti, na kila kiapo kilichowahi kuvunjwa kwa kisingizio cha "nilikufa" kinarudi kudai deni. Malkia alichukua usiku mwingi kuamua. Alisema amefiwa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na mume aliyemwacha kwa kisingizio hicho, miaka 200 iliyopita.

Jaribu na maswali haya. Nani amependa zaidi: aliyekaa mwaka mzima karibu na mpenzi wake akiwa na njaa bila kumgusa, au aliyehama mji asije akamdhuru? Bibi akitoa tone kwa wawili, amemhini nani, ilhali kanuni ya 31 inaruhusu mwanamke kupendwa na wanaume wawili? Na kuna lile la Marie wa Champagne: katika kitabu hichohicho imo barua iliyopewa jina lake, yenye tarehe ya Mei 1, 1174, isemayo kwamba mapenzi hayana nguvu kati ya mume na mke kwa sababu wao hulazimika, wapenzi hupeana bure. Mnyonyadamu na yule aliyemgeuza wana uhusiano upi? Ni ndoa? Ni yamini? Kuna aliyeridhia?

Adhabu zisiwe kifo. Kifo ni rahisi mno. Mnyime mtu kuimba. Mfungie asimwone bibi hadi majira ya baridi mengine. Mshushe ngazi moja, mbele ya wote, arudi kukaa upande usiovuma upepo.

Upanga

Shida ya farisi wa jioni ni kwamba heshima yake hupatikana mchana. Mashindano ya mafarisi yalikuwa vita vya mzaha shambani, makundi mawili yakigongana kutwa nzima. Kwa hiyo atafute binadamu wa kumpigania, amvalishe mkono wa vazi la bibi, kisha ajifungie gizani asubiri habari za jambo ambalo ni lake na si lake.

Lakini kutawazwa kuna upande wa usiku. Desturi iliyokua katika karne hizo ni kijana kuoga, kuvaa nguo safi, na kukesha akiomba kabla ya kupewa upanga. Kisha anapokea pigo la mkono shingoni. Pigo la shingoni! Sikuhitaji kubuni chochote. Katika kasri letu ndilo tukio pekee ambalo mtu wa jioni anaruhusiwa kugusa shingo ya binadamu, kwa kiganja kilicho wazi, na baraza zima hushika pumzi.

Asili ya watu wa jioni nayo niliipata hapo. Kanisa lilipiga marufuku mashindano hayo mwaka 1130, likarudia 1139 na 1179, na aliyekufa humo alinyimwa maziko ya Kikristo. Farisi kijana, hodari, amefia mchezoni, amezikwa nje ya ukuta bila sala. Nani atashangaa akirudi? Na dawa yake si lazima iwe mti kifuani. William wa Newburgh anasimulia maiti wa Buckinghamshire aliyewasumbua ndugu zake. Askofu Hugh wa Lincoln alikataa maiti huyo achomwe moto, akaandika barua ya kumsamehe dhambi iwekwe juu ya kifua chake, na maiti akatulia. Barua ya namna hiyo ikiingia katika kasri lako, ikitembea mkono kwa mkono, ni nani ataitaka na ni nani ataichoma?

Wafitini

Nyimbo nyingi za malenga zina adui anayeitwa lauzengier: mchongezi, mbea wa kasri, anayemnong'oneza mume. Ni adui bora kuliko mwindaji mwenye msalaba. Mwindaji anakuja mara moja. Mchongezi anakula nawe meza moja. Mfanye awe na sababu nzuri. Wetu alikuwa dada ya bibi mmoja, na aliogopa tu kwamba dada yake atakufa.

Mume mwenye wivu naye usimfanye mjinga. Juu ya malenga Guillem de Cabestany ilisimuliwa hadithi kwamba mume wa mpenzi wake alimuua, akautoa moyo wake, akampikia mkewe bila yeye kujua. Alipoambiwa alichokila, alisema hatakula kingine tena, akajirusha dirishani. Hadithi hiyo ilisimuliwa na watu wasiokuwa na mnyonyadamu hata mmoja akilini.

Nani analipa

Hatua hii wengi huiruka, na mimi nakuomba usiiruke.

Watu wa jioni wanajizuia mbele ya mabibi. Wanatunga, wanapiga magoti, wanangoja tone moja mwaka mzima. Sasa hesabu kete. Tone moja kwa mwaka halimlishi mtu. Damu nyingine inatoka wapi?

Andreas anajibu bila aibu. Anapofika kwa wanawake wa wakulima, anasema hao hawafai kufundishwa mapenzi, na mwungwana akivutiwa na mmoja wao asisite kutumia nguvu. Kitabu kilekile cha kanuni nzuri. Heshima ile yote ilikuwa na mpaka, na mpaka ulikuwa ukuta wa kasri.

Hapo ndipo mumiani wa simulizi zetu anapojua jambo ambalo vitabu vya wanyonyadamu warembo husahau. Yeye hakuwahi kuwa mrembo, kwa sababu hadithi yake husimuliwa na wanaonyonywa. Basi tengeneza kijiji. Kipe majina ya watu: mfinyanzi, mkunga, mtoto anayechunga mbuzi. Kila mchezaji anapojaza bakuli lake nje ya ukuta, aseme ni nani, kwa jina, na siku ya pili msimuliaji aseme mtu huyo ameamkaje. Halafu mlete mkunga mbele ya baraza, usiku mmoja, adai haki kwa kanuni zilezile 31. Kundi langu lilitaka kumsikiliza, lakini malkia alikataa, kwa kuwa hakusema kwa ubeti. Kuanzia usiku huo wachezaji wawili hawakukubali tena kuketi mbele yake.

Wimbo wa alfajiri

Malenga walikuwa na bahari maalumu ya shairi iitwayo alba, alfajiri. Wapenzi wamelala pamoja kwa siri, mlinzi mnarani anaona mwanga, anaimba kuwaamsha, nao wanalaani jua. Giraut de Bornelh ana mmoja maarufu ambamo rafiki amekesha nje kumlinda mwenzake na anamwita usiku unapoisha. Jua ni adui, mlinzi ni rafiki, kuachana ni kwa lazima. Waliyaandika haya binadamu, miaka 800 iliyopita, na hakuna anayeyaelewa kuliko mtu wa jioni.

Kwa hiyo kila kikao kiishie kwa alba. Mchezaji wa mlinzi anaangalia saa halisi ukutani. Muda mliokubaliana ukifika anaimba, mistari minne inatosha, na chochote kinachoendelea kinakatika hapohapo, hata kama ni hukumu, hata kama mdomo uko juu ya kifundo cha mkono. Usimwongezee mtu dakika. Yaliyokatika ndiyo yatakayowarudisha mezani wiki ijayo.

Leta moto

Januari 1208 mjumbe wa Papa, Pierre de Castelnau, anauawa karibu na mto Rhône, na Raimon VI anashukiwa. Julai 22, 1209 jeshi la msalaba, lililoitishwa na Papa dhidi ya Wakatari, linaingia mji wa Béziers na kuwaua watu bila kubagua. Agosti, Carcassonne inasalimu amri. Mwaka 1210 Minerve, Wakatari wapatao 140 wanachomwa. Mwaka 1211 Lavaur, mamia wengine, na Giraude, bibi wa mji huo, anatupwa kisimani na kufukiwa kwa mawe. Nyumba zilizowalisha malenga zinaanguka moja baada ya nyingine.

Uanze mwaka wa 1209 kwa habari za mbali, kwa kuwa vita ni ya majira ya joto na watu wa jioni wanaamka wakati usiku ni mfupi. Msimamizi mwenye funguo analeta majina. Wanaohesabiwa ni wale walioandikwa kwenye karatasi zilizokunjwa, na sasa zifungue zote mezani. Kila mchezaji achague: abaki gizani salama, au atoke kwenda kumtoa mtu wake mjini ukiwa unawaka, akijua kwamba saa 8 za giza hazitoshi kwenda na kurudi.

Usiku huo msiweke saa ukutani. Mlinzi aamue mwenyewe ni lini ataimba.